Sifa za Waya Mla Volti

Miongoni mwa watumishi walionyimwa haki yao katika historia ya magari, waya wa ukinzani wa pikapu kuukuu za Marekani unastahili kutajwa kwanza, kwa maana hakuna kiungo kingine kilichotumika kwa uaminifu kama huo kisha kikalipwa matusi. Pikapu za huko zilipohama kutoka umeme wa volti 6 kwenda volti 12, katikati ya miaka ya 1950, ilibidi nguvu hiyo mpya ipunguzwe kabla ya kufika kwenye koili, yaani kifaa kinachozaa cheche za plagi. La sivyo platini, vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kukata na kurudisha umeme wa koili, zingeungua mapema. Watengenezaji wengine walifunga kizuizi cha kauri mahali pa wazi. General Motors, katika Chevrolet C10 za miaka ya 1960, iliificha kazi hiyo ndani ya waya mmoja uliofungwa pamoja na wenzake, unaofanana nao kiasi cha kumpotosha yeyote asiye na mchoro.

Stahili ya kwanza ya waya huu ni kula bila kuficha mlo. Sheria ya ukinzani aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827 inasema kwamba volti zinazopotea ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani, hivyo waya wenye omu 1.5 ukipitishiwa ampia 4 humeza volti 6 na kuzirudisha zikiwa joto. Wapo wakubwa wengi walao nusu ya mali inayopita mikononi mwao, ila ni wachache wanaofanya hivyo ili mtu mwingine asiungue.

Lakini fadhila zake huonekana vizuri zaidi baada ya mwenye gari kufanya maboresho. Mwaka 1975 General Motors ilieneza katika magari yake mfumo wa kuwasha wa elektroniki usio na platini, wenye koili iliyomo ndani ya kifuniko cha distribyuta, yaani kifaa kinachozigawia plagi umeme, unaotaka volti 12 kamili. Tangu hapo wenye pikapu za zamani wamekuwa wakiuhamishia kwenye injini zao, na wengi wao, kwa kuona waya unaokwenda kwenye koili tayari upo, wameuchomeka huohuo. Hapo waya huonyesha adabu ya hali ya juu. Ufunguo unapozungushwa, stata, yaani mota ya kuamshia injini, hupeleka umeme kamili wa betri kwenye koili kwa njia ya pembeni iliyowekwa makusudi, na injini huwaka kwa furaha. Ufunguo unapoachiwa, njia hiyo hukatika, waya wa zamani hushika zamu, na injini huzima papo hapo, au huendelea kwa kukohoa hadi itakapotakiwa kuvuta mzigo. Ni vigumu kupata mtumishi mwingine anayetaja saa ya kosa kwa usahihi huo, na bado asisikilizwe.

Kwa kutosikilizwa huko, biashara hunufaika. Kabureta husafishwa, pampu ya mafuta hubadilishwa, moduli mpya ya elektroniki hutuhumiwa na kurudishwa dukani (mara nyingi ikiwa nzima kabisa), na waya umekaa kimya ukiwalisha wauza vipuri wa mji mzima.

Hata unapohojiwa, waya huu hujibu tu swali uliloulizwa. Mpimaji anayeuchomoa kwenye koili na kuugusisha mita ya umeme husoma volti zote za betri, akaapa kwamba ni mzima, ilhali mita yenyewe haivuti mkondo wa maana na pasipo mkondo hakuna cha kumezwa. Anayeupima ukiwa umechomekwa, ufunguo ukiwa umewashwa na koili ikivuta umeme, ndiye husoma volti 7 au 8 na kupata jibu lote. Kuuita mwongo ni dhuluma: umeendelea kutii amri ya zamani kwa sababu aliyeleta mfumo mpya hakukumbuka kuutengua.

Fundi mwungwana haukati waya huo kwa hasira. Huvuta waya mnene kutoka betri kupitia fyuzi na rilei, yaani swichi inayofungwa kwa sumaku, akaupeleka kwenye mfumo mpya, kisha akaukabidhi waya wa zamani kazi ya kuiamsha rilei tu. Kwa kuwa sumaku hiyo huvuta takribani ampia 0.15, mla volti hupunguziwa posho kutoka volti 6 hadi robo ya volti hivi, na hushika zamu yake kila ufunguo unapozungushwa.