Muulize Shangazi Swichi

*Shangazi, shikamoo. Nina tela lenye kibanda, nalivuta kwa pikapu kwenye minada, leo Katesh, kesho Haydom. Ndani mna friji dogo la soda, sabufa na mashine mbili za kunyolea. Jenereta langu limeandikwa wati 950, lakini friji likinguruma tu, umeme unakata na mteja anabaki amenyolewa nusu. Jirani yangu wa mnadani anacheka sana. Kanifanyia kitu? — Nusu Kipara, Katesh*

Marahaba mwanangu. Jirani hana dawa, ana jenereta la wati 2,000. Hiyo 950 yako ni nguvu ya kufumba na kufumbua. Pembeni, kwa herufi za kutafutia miwani, mara nyingi pameandikwa 650, na hiyo ndiyo ya kufanyia kazi kutwa. Halafu uko chini ya Mlima Hanang, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini inahema: kila mita 300 za kupanda hula kama asilimia 3 na nusu ya nguvu. Umebaki na wati 540 hivi. Friji lako likishatulia huenda linataka 150 tu, ila mota ikiamka hudai mara tatu au zaidi kwa muda mfupi. Ni kama mjomba wa bwana harusi: kazi ni kumkalisha. Liwashe kwanza, peke yake, sabufa ifuate. Mashine za kunyolea hazina kosa.

Ukinunua jingine, la kawaida la wati 2,000 lina kelele, lakini fundi yeyote wa pikipiki atalifungua. La inveta ni la kimya, hupunguza mwendo mzigo ukipungua, na petroli hainywi ovyo. Ila utauza mbuzi wangapi? Na Julai, kwa baridi ile ya Mbulu, soda ya friji unamuuzia nani?

*Shangazi, mke wangu anataka birika la umeme kwenye tela. Nimkatalieje? — Mpole, Dongobesh*

Usimkatalie. Mwonyeshe kitako cha birika, wati 1,800, kisha ubavu wa jenereta. Atapiga hesabu mwenyewe, halafu atauliza kwa nini ulinunua dogo. Hapo sina ushauri. Nunua mtungi wa gesi.

*Nalala kwenye tela. Kwa kuogopa wezi, jenereta naliweka ndani likiwaka, dirisha nimefunga. Asubuhi kichwa kinaniuma. Ninywe dawa gani? — Mwenye Mali, Mbulu*

Nashukuru umeniandikia ukiwa hai. Moshi ule una kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na huua mtu usingizini. Kufungua dirisha hakutoshi. Likiwaka likae nje, mita sita au zaidi, ekzosi isielekee kwenye tela. Chaji simu na taa jioni, kisha lizime, ulifunge kwa mnyororo kwenye chesisi ya pikapu. Mwizi akilibeba na pikapu yake, niandikie tena.