Gari Linalopona Likiona Fundi

Mjini Tanga gari letu halina ugonjwa. Mji ni tambarare, na fundi akikanyaga breki kwenye uwanja wa gereji yake, Kombi inasimama kama askari mbele ya afande. Fundi anakutazama. Unajikuta unajieleza wewe badala ya gari.

Ugonjwa unaanza ukishaipita Soni. Barabara ya Lushoto kwenda Mombo inashuka karibu mita 1,000 kwa kilomita zipatazo 30, kona juu ya kona, na Kombi yetu ya 1974 inashuka ikiwa na kitanda, jiko la gesi, shehena ya pea na kabati lisilofungika. Breki zikishika, sufuria zinatoka kabatini na kuja mbele kutusalimu. Zikikaa kimya, ujue pedeli imezama karibu na sakafu. Na injini ya Kombi iko nyuma. Mbele hakuna boneti, kwa hiyo kwenye ajali wa kwanza kufika ni magoti ya dereva.

Ukisimama ukanywa chai taratibu, pedeli inapanda yenyewe, utafikiri ulisingizia.

Fundi wa Ngamiani alifungua dramu za nyuma, akasonya: "Bosi, nani alikufungia hizi?" Akaweka breki shuu mpya. Fundi wa Chumbageni akazitazama zile shuu mpya, akasonya zaidi, akauliza swali lile lile, akabadilisha masta silinda. Mafundi wengi, kwa ninavyowaona, hawatibu gari. Wanamtibu fundi aliyetangulia. Muuza kahawa wa hapo nje, bila kuinua macho kwenye birika lake, alisema: "Hiyo ina upepo tu." Tukamcheka.

Shemeji yangu alijiteua kuwa utingo. Akachonga kigingi cha mwembe cha kuzuia gurudumu, akawa anasafiri amekipakata huku mlango uko wazi kidogo, tayari kuruka. Hakuwahi kuruka. Ila kila kona alitangaza kwamba anaruka, na mama watoto akamjibu kwamba akiruka aruke na mzigo wake wa pea.

Halafu gari likaanza kuvuta kushoto. Kushoto ndiko waliko wachoma mahindi, basi watoto wakaamini baba siku hizi ana huruma sana.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa Mombo, chini kabisa ya mlima, mahali ambapo kila gari bovu lazima lifike, kwa kupenda au kwa kuporomoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Zima injini. Maneno baadaye."

Akachukua kopo la maji, akazunguka akimwagia gurudumu moja moja. Matatu hayakusema kitu. La mbele kushoto likalia *chaaa!* "Mgonjwa huyu hapa," akasema. "Wenzake mmewalaza hospitali bure."

Akalipiga jeki. Gurudumu halikuzunguka hata kwa mikono miwili. Akalegeza paipu ya chuma pale inapoungana na mpira wa breki: bado limekaza. Akalegeza nepo ya kutolea upepo, iliyo chini kwenye gurudumu lenyewe: mafuta meusi yakaruka, gurudumu likazunguka kwa kidole. Kati ya sehemu hizo mbili hamna kingine ila mpira. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa. Ndani umevimba: mguu wa dereva una nguvu ya kuyasukuma mafuta yaende, lakini yenyewe hayana nguvu ya kurudi. Breki inabaki imeng'ang'ania, diski inachemka, na mafuta yanachemka nayo.

Hapo ndipo hewa ya Tanga inapoingia kwenye kesi. Mafuta ya breki hunywa unyevu. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishakunywa maji kufikia kama asilimia 3.7, kipimo chake ni nyuzi 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unaminyika, ndiyo maana pedeli inazama. Ukipoa, yote yanarudi kama kawaida. Muuza kahawa alikuwa karibu na ukweli kuliko mafundi wote, na hakutoza hata senti.

Mzee akaagiza mipira mipya, ya pande zote mbili, akamwaga mafuta yote ya zamani. Kazi ya kutoa upepo ikaanza, tukianzia gurudumu la mbali. "Kanyaga! Shikilia! Usiachie!" Nilishikilia mpaka goti likatetemeka, huku mzee akiwa chini ya gari anamsimulia shemeji habari za mabasi yaliyowahi kumshukia.

"Sasa pandeni mpaka Soni, mshuke nalo," akasema.

"Twende wote basi, mzee."

"Mimi nina wajukuu."

Shemeji naye akakumbuka ana mtu wa kuonana naye hapo Mombo.

Nikauliza bei kabla ya kuondoka. Mzee akakataa kuitaja. Tulipanda, tukashuka, sufuria zikatusalimu kila kona, na tulipofika chini akamwagia maji magurudumu yote, akanyoosha mgongo, akatoa daftari la hesabu mfukoni. Alikuwa ameshaandika kila kitu, hadi maji ya kwenye kopo. Alichosubiri ni kuona kama mlipaji atarudi.