Padi za Mwendo kwenye Gemu za Risasi: Kutoka ya Mkiani Hadi Bingwa

Wenye kipanya hututambia kwamba sisi wa padi hatujui shabaha. Leo wakae kidogo. Zipo padi zinazofuata mwendo wa mkono, na mojawapo inawakaribia kabisa. Tuanzie mkiani.

5. Kinect (2010). Kamera ya Xbox 360 inautazama mwili wako mzima, mkononi huna kitu. Utafyatua nini, hewa? Tupite.

4. Red Steel (2006). Ubisoft waliitoa pamoja na Wii yenyewe, na watu walikuwa na hamu nayo kwelikweli. Rimoti ya Wii ina kamera ndogo kwenye ncha, nayo husoma taa za infraredi za kile kijipau kinachowekwa kwenye runinga. (Kijipau chenyewe ni taa tu, hata mishumaa miwili hufanya kazi yake.) Ukielekeza rimoti, alama ya shabaha inafuata. Safi! Shida inaanza adui akiwa nyuma yako: sharti uivute alama hadi ukingoni mwa skrini, kisha ungoje mpaka ugeuke. Ukimaliza kugeuka, mwenzako keshakupiga, keshajaza risasi, keshaenda kunywa chai.

3. Killzone 3 kwa PlayStation Move (2011). Kamera inafuata mpira unaowaka kwenye ncha ya padi, na ukitaka unaichomeka kwenye bunduki ya plastiki iitwayo Sharp Shooter. Raha ipo, sikatai. Lakini kuinua mkono muda wote? Bega litadai posho.

2. Metroid Prime 3: Corruption (2007). Hapa Retro Studios wa Texas walitumia akili. Unamfunga adui machoni kwa kitufe, mtazamo wa skrini unabaki kwake, huku mkono ukiwa huru kulenga popote. Halafu ile ngao ya adui! Unarusha mbele Nunchuk, kile kipande cha Wii cha mkono wa pili, kamba ya ndani ya gemu inainasa ngao, unavuta nyuma, inang'oka. Hakuna kitufe kinachotoa utamu huo.

1. Jairoskopu ndani ya padi ya kawaida. Doom ya Switch ilitoka 2017, ikaongezewa ulengaji wa jairoskopu, kihisi kinachopima mgeuko wa padi, 2018. Kidole gumba kwenye kijiti kinageuza mwili, viganja vinamalizia shabaha. Kijiti huamua kasi ya kugeuka, kwa hiyo lazima ukiachie kwa wakati barabara, la sivyo unapitiliza kichwa cha adui. Jairoskopu hufuata kiasi ulichogeuza mkono: ukigeuza kidogo, inasogea kidogo, ukisimama, inasimama. Hivyo ndivyo kipanya kinavyofanya kazi. Tena haihitaji taa wala kamera, na mikono inapumzika mapajani.

Padi za Switch, PS4 na PS5 zinayo. Ya Xbox Series haina. Microsoft, tuwekeeni! Na wewe mwenye Switch, ingia kwenye mipangilio ya gemu uiwashe, anza na wepesi wa chini, uipe wiki nzima kabla ya kuihukumu.