Namna ya Kukuza Pembetatu Bila Kutoka Tabora

Somo la kukuza maumbo huchosha kwa sababu pembetatu za ubaoni hazina mwenyewe: A, B, C, basi. Mwongozo huu unatumia pembetatu yenye wenyewe. Mahitaji ni karatasi ya miraba, rula, penseli yoyote (mchagua jembe si mkulima) na watu wengine wa kutembea kwa niaba yako.

Hatua ya 1: Chagua kitovu, ukikalie. Weka (0, 0) pale Tabora, karibu na latitudo 5 kusini na longitudo 33 mashariki. Huku jirani na ikweta digrii moja ni kama kilomita 111 kila upande, kwa hiyo mraba mmoja wa digrii moja hautakupunja. Raha ya kitovu ni kwamba sifuri mara chochote ni sifuri: wengine wakikuzwa, wewe husogei. Mwaka 1858 Richard Burton alibaki Kazeh, ndani ya Tabora ya leo, huku John Speke akienda kaskazini mpaka ziwa kubwa, pale Mwanza. Speke aliporudi akidai ameona chanzo cha Nile, mbishi alikuwa yule ambaye hakwenda.

Hatua ya 2: Weka kona mbili zilizobaki. Ujiji, kituo cha misafara kwenye Ziwa Tanganyika, iandike (-3, 0). Mwanza iwe (0, 2.5). Unganisha. Pembe ya Tabora itakaribia nyuzi 90. Reli nayo ilikuja kufuata pande hizo mbili kwa kujipindapinda: ilifika Kigoma, jirani ya Ujiji, mwaka 1914, na Mwanza mwaka 1928.

Hatua ya 3: Zidisha. Tumia kizidishi 2. Wanyenyekevu hawakufanya biashara ya pembe za ndovu. Ujiji inaruka ziwa na kutua (-6, 0), jirani na Kasongo ya Kongo, alikoweka makao Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora. Mwanza inavuka maji hadi (0, 5), kwenye ikweta, mwambao wa Buganda. Misafara ya karne ya 19 ilifika kote kuwili bila mtu kushika rula.

Hatua ya 4: Chora miale iliyonyooka. Kwenye karatasi, penseli haidaiwi hongo. Njiani kila mtemi alikuwa na bei yake. Tena kwenye mhimili wenyewe, kama (-0.8, 0), ipo Urambo. Mwaka 1871 mtemi wa huko, Mirambo, aliifunga njia ya Ujiji, na Henry Stanley, aliyekuwa na haraka ya kumwona Livingstone, akalazimika kuzungukia kusini. Ukikuta mwale wako una mwenyewe, usibishane. Pinda, kisha kwenye ripoti andika kwamba ulinyooka.

Hatua ya 5: Hakiki. Pembe hazibadiliki. Kila upande umeongezeka mara mbili: 3 imekuwa 6. Lakini eneo limetoka 3.75 hadi 15, yaani mara nne. Usipite hapa mbio. Pagazi wa Kinyamwezi, mwenye frasila mbili za pembe za ndovu begani, ameongezewa mwendo mara mbili. Tajiri ameongezewa nchi ya kuchuma mara nne. Pagazi angalau alikuwa na ujira wa kudai. Mateka waliobebeshwa pembe hizo hizo hawakuulizwa kama kizidishi kinawafaa.

Hatua ya 6: Kwa wajasiri tu. Jaribu kizidishi -1. Pembetatu inapinduka na kutokea upande wa pili wa kitovu: Ujiji inaangukia (3, 0), si mbali na Kondoa, na Mwanza inazama porini, mashariki ya Ziwa Rukwa. Usitangaze matokeo haya sokoni. Kuna watu watauza viwanja.

Zoezi. Msafara wa Tabora hadi Ujiji umekuzwa kwa kizidishi 2, kitovu kikiwa Tabora. Posho ya pagazi haikukuzwa. Tafuta:

(a) mwendo mpya wa pagazi;
(b) eneo jipya la tajiri wake;
(c) umbali aliotembea tajiri, ikiwa alibaki barazani akinywa kahawa.

Onesha njia.