Namna ya Kulilia Ugali Chini ya Everest

Kwanza lipa nauli. Kukumbuka kwenu ukiwa Mbagala hakuna hadhi yoyote. Panda ndege hadi Kathmandu, kisha kile kindege cha Lukla, kiwanja ambacho njia yake ni mita 527 tu, tena imeinama: upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Magurudumu yakigusa lami utamtaja mama yako. Vizuri, umeshaanza.

Sasa tafuta cha kulilia. Anza na salamu. Kwenye njia za Khumbu watu wanakutana, wanasema "namaste", wanapita. Hakuna za nyumbani, hakuna watoto hawajambo, hakuna mvua zimeanza huko? Nung'unika kwamba watalii wamewaharibu hawa watu. Usitaje kwamba ulipofika Namche, mita 3,440, wewe mwenyewe ulishindwa kumaliza "habari za asubuhi" bila kushika kiuno, wala kwamba huko juu, karibu na kambi ya chini ya Everest, kila pumzi inakupa takriban nusu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam. Huo ni utetezi wao, si kazi yako.

Chakula ndiyo mada yenyewe, kitengee jioni nzima. Kwenye nyumba za wageni utaletewa dal bhat: wali, mchuzi wa dengu, viazi vya bizari, achari pembeni, na mboga za majani kama zipo. Mwenyeji anapita na sufuria kukuongezea, bila malipo ya ziada, mpaka useme basi. Wenyeji wanakula kwa mkono wa kulia. Ukizubaa utadhani uko Tanga, na hapo ndipo wengi wanapoharibu safari: wanashiba, wanachangamka, wanasahau kulalamika. Wewe ulizia ugali.

Ila tahadhari, ugali upo. Wao wanauita dhindo: unga wa mahindi au ulezi, unasongwa kwenye maji yanayochemka mpaka unashikana, unaliwa na gundruk, mboga za majani zilizovundikwa zikachacha, kisha zikaanikwa. Kathmandu na vijiji vya chini unaweza kuupata. Ukiletewa, usiingie mtegoni. Finyanga tonge, ligeuzegeuze, sema limelegea. Uliza nani kasonga. Eleza kwa kirefu unga wa Iringa ulivyo, hata kama kwenu mnanunua wa paketi. Ukishtuka sahani imekwisha, sema ni njaa tu.

Maharage usiyaombe kabisa. Gorak Shep, mita 5,164, maji yanachemka kwenye nyuzi 83 hivi, kwa hiyo sufuria inafoka kwa mbwembwe na ndani mbegu bado ni changarawe. Ndiyo maana wapishi wa milimani hawaachani na sufuria ya presha.

Ukishakula, sogelea jiko la chuma katikati ya ukumbi. Linawashwa jioni. Miti imeishia huko chini, hivyo kinachowaka ni samadi ya yaki: imekandwa kwa mikono, ikabandikwa kwenye kuta za mawe ikauke kwa jua, na kila donge lina alama za vidole vya aliyelibandika. Mama mwenye nyumba anafunua mfuniko, anatumbukiza madonge mawili matatu, anapangusa mikono kwenye aproni, anauliza: chai ya maziwa au ya ndimu? Jibu haraka, usiwaze. Kisha waeleze wenzako ulivyo na hamu na harufu ya mkaa, ule uliomaliza misitu ya kwenu.

Mpira nao una machungu yake. Nepal iko mbele yetu kwa saa mbili na dakika arobaini na tano, kwa hiyo Simba na Yanga wakianza saa kumi na moja jioni kwa Mkapa, huko ni saa mbili kasorobo usiku na ukumbi mzima uko kwenye mifuko ya kulalia. Nunua kadi ya intaneti, ambayo bei yake inapanda pamoja na mlima, ukae kutazama duara likizunguka kwenye simu.

Silaha kubwa iweke akiba mpaka siku ya kufika kambi ya chini. Wenzako wakiwa wanakumbatiana na kupiga picha, wakumbushe kwa upole kwamba hapo ni mita 5,364, na kwamba kilele cha Uhuru ni 5,895. Wametumia dola zote hizo kuja kusimama chini kuliko Kibo. Tena Everest yenyewe kutoka pale kambini haionekani, milima ya jirani imeikinga. Akijitokeza mjuaji kutaja zile mita 8,848.86, mwambie Wilfred Moshi, Mtanzania aliyezoea kupandisha wageni Kilimanjaro, alishafika huko juu mwaka 2012. Akikuuliza wewe umeishia wapi, kohoa. Kikohozi cha milimani hakina maswali.

Limebaki la kuepuka. Mpagazi aliyebeba begi lako kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso huenda akakuuliza unatoka wapi. Ukimtajia Afrika Mashariki, usishangae akikuambia anawajua Wakenya na Waganda, alilinda nao geti Doha au alilala nao chumba kimoja Dubai. Wanepali kwa malaki wamefanya kazi Ghuba. Walikuwa miongoni mwa waliojenga viwanja vya Kombe la Dunia la 2022 huko Qatar. Usithubutu kumuuliza alikuwa anakumbuka nini. Anaweza kukuhadithia mtoto aliyezaliwa baba hayupo, au sikukuu ya Dashain aliyoisikilizia kwenye simu mwaka baada ya mwaka, nawe umekosa dagaa tangu wiki iliyopita. Mazungumzo hayo huyawezi. Muulize chai iko mbali kiasi gani.