Kaka, Umebadilisha Jina Tu

DVD ya harusi haina kufuli. Mpiga video wa mtaani hakuona haja ya kuiwekea ulinzi. Nani angeiba saa tatu nzima za watu wakisubiri pilau? Basi mwenye kompyuta anaiingiza, anafungua folda ya VIDEO_TS, ananakili mafaili ya VOB, amemaliza. Hapo ndipo utaalamu wa ukoo unapoanza. Kaka mtu, fundi wa kila kitu, anafuta herufi VOB mwishoni mwa jina la faili, anaandika MP4, kisha anatangaza kwamba video imebadilishwa. Kilichobadilika ni jina, kaka. Ndani bado ni MPEG-2 ileile ya miaka ya 1990, na HandBrake, programu ya bure ambayo ingeifanya kazi hiyo kweli, inakusubiri bila kinyongo.

Tena mafaili yenyewe hukatwa kila yanapokaribia gigabaiti 1, haijalishi nani kashika maikrofoni. Shangazi anaanza nasaha kwenye faili la pili, anamalizia kwenye la tatu. Hakuna mwingine aliyewahi kuthubutu kumkatiza.

Halafu uhariri. Mnasema mnataka "kuifupisha kidogo tu". Ajabu, mkasi huanzia kwa shemeji aliyeachika mwaka jana, kisha huhamia kwa wale ambao hawakuchanga. Mwenyekiti wa kamati, ambaye hesabu za michango bado anazitafuta, anabaki kila pembe: ndiye mwenye bando la kuituma kwenye grupu la WhatsApp.