Geti Lifunguliwe, Sinema Ianze

Kaa kwenye banda la video hapa Kintinku, utaitambua nchi ya filamu kabla mtu hajafungua mdomo. Mhindi akitukanwa, kamera inaurukia uso wake mara tatu, na radi juu. Mwitaliano Sergio Leone, mwaka 1966, alijaza skrini kwa macho matupu ya watu wenye bastola. Mjapani Yasujirō Ozu aliishusha kamera karibu na mkeka, ikatulia kama mgeni mwenye adabu.

Na Bongo Muvi? Sisi tuna geti. Gari linapiga honi, mlinzi anafungua, gari linaingia, linaegeshwa, bosi anashuka, anaweka miwani sawa. Kisha ni sebuleni, kwenye makochi, watu wagombane mpaka sehemu ya pili.

Kintinku picha pana ipo ya bure: tambarare, reli ya kati, na ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda. Kasoro yake moja tu, haina geti. Waongozaji wetu, njooni hivyo hivyo. Makochi yaacheni Dar.